Nani Amtunze Mpiga Fidla?

Mama yangu hakwenda taarabu na noti nzima. Alasiri ya siku ya onyesho alinituma dukani kuvunja noti ya elfu kumi, nirudi na za mia tano mia tano. Alizikunja moja moja na kuzifutika kwenye pindo la kanga. Usiku, ubeti ukimchoma, alinyanyuka kitini, akaenda mbele akicheza taratibu, akaiweka noti mkononi mwa mwimbaji au akaidondosha mbele ya mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, kisha akarudi kukaa. Ubeti mwingine, noti nyingine. Kitendo hicho tunakiita kutunza, na ni neno lilelile tunalolitumia kwa mtoto, kwa shamba na kwa siri ya mtu.

Nilimkumbuka mwaka huu, saa kumi za usiku, nikiwa nimekaa barazani na simu mkononi nikitazama onyesho la Detroit Symphony Orchestra. Tangu 2011 okestra hiyo ya Marekani hurusha maonyesho yake bure kwenye intaneti, na saa mbili za usiku kule huwa saa tisa au saa kumi za usiku hapa Unguja, kutegemea majira yao ya saa. Kabla ya muziki, waliotoa fedha hutajwa kwa majina. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba huo ni utangazaji wa matajiri. Mimi nilichokiona ni kutunza, ila kwa sura nyingine: noti imekuwa hundi, na mtoaji hanyanyuki tena kitini akaonekana na jirani zake.

Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya niandike. Muziki wa watu wengi, wale wanaokaa sitini au tisini jukwaani na kupumua pamoja, kwa kawaida haujilipi kwa tiketi, na sioni siku utakapojilipa. Kwa hiyo kubishana kama okestra itegemee wahisani au isiwategemee ni kupoteza muda. Lenye maana ni idadi ya wahisani hao, wanakotoka, na kama wao na jirani zao wanausikia muziki wanaoulipia.

Sababu ya kutojilipa ilielezwa vizuri mwaka 1966 na wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen. Hoja yao ni nyepesi mno kiasi kwamba mtu hushangaa hakuifikiria mwenyewe. Zamani nazi ilikunwa kwa mbuzi, mtu mmoja, nazi moja, dakika kadhaa. Leo mashine ya sokoni hukuna nazi kumi kabla hujamaliza kusalimiana na muuzaji. Kila kazi iliyopata mashine imezalisha zaidi kwa mtu yuleyule, na mshahara wake ukapanda. Lakini kwateti ya Beethoven iliyohitaji wapigaji wanne miaka mia mbili iliyopita inahitaji wanne leo, kwa dakika zilezile. Huwezi kuipiga kwa watu watatu, wala huwezi kuiharakisha ili upige mbili kwa saa. Na hata hivyo mpiga fidla anakula, anapanga nyumba na kusomesha watoto kwa bei za leo. Mshahara wake usipopanda na wa wengine, ataiacha fidla aende benki. Gharama inapanda, kazi inabaki ileile, na pengo linakua kila mwaka hata kama hakuna aliyeiba wala kuzembea.

Mwaka huohuo wa 1966, mfuko wa Ford Foundation ulitoa takriban dola milioni 80 kwa okestra 61 za Marekani. Nia ilikuwa njema: mwanamuziki aishi kwa muziki wake mwaka mzima, asiwe karani mchana na mpiga chelo usiku. Misimu ya maonyesho ikarefuka, mishahara ikapanda, okestra zikawa taasisi. Lakini taasisi ikishanenepa kwa mkono wa mhisani, haiwezi kurudi kwenye ukubwa wa zamani bila kuumia. Tangu hapo, kwa okestra nyingi za nchi hiyo, tiketi hazifiki hata nusu ya mapato. Zinazobaki ni michango, na faida ya mali iliyowekwa wakfu.

Nairudia Detroit kwa sababu kule hadithi hii imepitia kila hatua, mpaka chini kabisa.

Ukumbi wao, Orchestra Hall, uko kwenye barabara ya Woodward. Ulijengwa mwaka 1919 kwa miezi minne na siku 23 tu, kwa kuwa kondakta wa wakati huo, yaani kiongozi wa wapigaji, Ossip Gabrilowitsch, alisema hatabaki Detroit bila ukumbi unaostahili. Mji ulikuwa na fedha za viwanda vya magari, na matajiri wake walitaka kuonekana sawa na New York na Boston. Ilipofika 1939 mdororo mkuu wa uchumi ulikuwa umeikausha mifuko hiyo, okestra ikahama. Mwaka 1941 jengo likafunguliwa upya kwa jina la Paradise Theatre, na kwa miaka kumi Wamarekani Weusi walijaa humo kuwasikiliza nguli wa jazi kama Duke Ellington, Count Basie na Billie Holiday. Likafungwa 1951. Likaachwa, paa likavuja, plasta ikadondoka. Mwaka 1970 ilibaki kidogo livunjwe ijengwe hoteli ya chakula cha haraka, na aliyesimama kulizuia hakuwa tajiri wala mwanasiasa. Alikuwa Paul Ganson, mpiga basuni wa okestra hiyohiyo, ile filimbi ndefu ya mbao yenye sauti nzito. Aliwakusanya wenzake na watu wa mjini, wakachangishana, wakakarabati kidogo kidogo kwa karibu miaka ishirini, na mwaka 1989 okestra ikarudi nyumbani.

Ingekuwa hadithi tamu kama ingeishia hapo. Lakini mwaka huohuo wa 1989 wabunge Weusi wa jimbo la Michigan waliuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mapema zaidi. Detroit ulikuwa mji ambao watu watatu kati ya wanne ni Weusi, na kwenye okestra yake, iliyokuwa ikipokea fedha za serikali, karibu wapigaji wote walikuwa Weupe. Wabunge wakatishia kuzizuia fedha hizo. Uongozi ukamwajiri mpiga besi mmoja Mweusi bila usaili wa kawaida, ule ambao mpigaji hupiga nyuma ya pazia waamuzi wasimwone. Yeye mwenyewe alisema angependelea kufanyiwa usaili kama wengine, na ninamwelewa kabisa. Hakuna mwanamuziki anayetaka kukaa kwenye kiti ambacho watu wananong'ona jinsi alivyokipata. Lakini nawaelewa wabunge pia. Ukiomba mkono wa umma, umma una haki ya kukitazama kioo na kutafuta sura yake ndani. Kosa lilikuwa la miaka mingi iliyotangulia, ambapo watoto wengi wa mji ule hawakufundishwa fidla wala hawakuisikia ikipigwa karibu na kwao.

Hata hivyo mbegu ilikuwa imeshapandwa. Tangu 1978 okestra ilikuwa ikifanya onyesho la Classical Roots, la kazi za watunzi wenye asili ya Afrika, na lilianzia kanisani, kwenye kusanyiko la Weusi wenyewe. Kanisa litarudi tena katika simulizi hii.

Miaka ya 2000 ikaja na majengo. Mwaka 2003 kilifunguliwa kituo kikubwa cha muziki kilichouzunguka ukumbi wa zamani, na shughuli za majengo zikabeba mkopo wa benki wa takriban dola milioni 54. Hapa nataka kusema jambo ambalo wachangishaji fedha wa kila nchi wanalijua lakini hulisema kwa sauti ya chini. Mhisani hupenda kujenga. Jengo lina ukuta, na ukuta unabeba jina. Ni wachache wanaojitokeza kulipia nyuzi za chelo, marekebisho ya piano, bima ya afya ya mpiga tarumbeta au mshahara wa mtu wa maktaba anayepanga karatasi za muziki. Na ni vitu hivyo vidogo vinavyoifanya okestra iwe okestra. Msukosuko wa fedha wa 2008 ulipopiga viwanda vya magari, Detroit ilikuwa na jengo zuri, deni la jengo zuri, na wapigaji ambao hazina haikuweza tena kuwalipa.

Oktoba 2010 wapigaji wakagoma. Mgomo ulidumu miezi sita na karibu msimu mzima ukapotea. Sina nia ya kugawa lawama. Waliokuwa mezani pande zote mbili walikuwa wakipigania kitu cha kweli. Kinachonivutia ni walichokifanya wapigaji wakati wa mgomo. Hawakukaa majumbani. Walijipangia maonyesho yao makanisani na kwenye skuli za vitongojini, na watu wakaja. Wengi wa waliokuja hawakuwa na desturi ya kuendesha gari usiku mpaka katikati ya mji. Okestra iliwafuata, wakaisikia ikiwa hatua chache kutoka viti vyao.

Aprili 2011 wakarudi kazini kwa mishahara iliyopungua zaidi ya asilimia 20. Mkato huo ni mkubwa, na baadhi ya wapigaji waliondoka. Lakini uongozi ulijifunza kutoka kwa waliogoma. Mwaka huohuo ulianza mfululizo wa maonyesho ya vitongojini, unaobeba jina la William Davidson, mwenye viwanda aliyefariki 2009, kwa kuwa mfuko wake ndio unaoufadhili. Okestra ikaanza kwenda makanisani, kwenye masinagogi, kwenye kumbi za vitongoji kama Southfield na Dearborn. Dearborn, kwa asiyeujua, ni mji wenye Waarabu wengi kuliko karibu miji yote ya Marekani. Udi na kanuni si vitu vigeni kule. Maonyesho ya bure kwenye intaneti nayo yalianza mwaka huo, na ndiyo yanayonikesha mimi.

Nimesikia maonyesho ya jamii mahali pengi, na najua namna mbili za kuyafanya. Ya kwanza ni ya makombo. Kondakta mkuu haendi, hupelekwa msaidizi. Muziki ni vipande vinavyojulikana kwenye matangazo ya televisheni. Picha zinapigwa nyingi kuliko noti zinazopigwa, kisha picha zinapelekwa kwa mfadhili. Watu wa mtaa si wajinga. Wanajua chakula kilichopikwa kwa ajili yao na kilichobaki sufuriani. Namna ya pili ni kupeleka kile kile ulichowapa wenye tiketi za ghali: mpiga solo yuleyule, mazoezi yaleyale, makini ileile. Jukwaa la kanisa haliwezi kubeba simfonia ya wapigaji tisini, kwa hiyo unachagua Haydn, Mozart au Mendelssohn, kazi zilizoandikwa kwa kikundi kidogo. Hapo unakuwa umechagua kwa ukubwa wa jukwaa, bila kumpimia msikilizaji akili. Detroit, kwa ninavyoisikia, imekuwa ikijitahidi kwenda na namna hii ya pili, na naiheshimu kwa hilo.

Ila kuna swali moja siliachi. Vitongoji vingi ambako mfululizo ule ulipelekwa, kama Bloomfield Hills na Grosse Pointe, ni vya wenye uwezo, matajiri kuliko Detroit yenyewe. Ni kweli kwamba wateja wa zamani wa okestra walikuwa wamehamia huko, na ni busara kumfuata mteja. Lakini tukiita jambo hilo huduma kwa jamii bila kuongeza neno, tunafunika kitu. Kwenda kwa anayeweza kukutunza ni biashara nzuri. Kwenda kwa asiyeweza ndiyo deni ambalo wabunge wa 1989 walikuwa wakilidai. Miaka ya karibuni okestra imeanzisha mpango wa mitaa ya ndani ya Detroit, na ningependa siku moja mpango huo upewe uzito na fedha sawa na ule wa vitongojini.

Mtu ataniuliza: mji wenye shida zote zile, fidla za nini? Swali hilo tunaulizwa hata sisi kila mtu anapotaja fedha za sanaa, wakati zahanati hazina vitanda. Detroit ilijibiwa kwa vitendo. Julai 2013 jiji lilitangaza kufilisika. Takriban taa nne kati ya kila kumi za barabarani hazikuwaka. Wastaafu wa jiji walikuwa hatarini kukatwa pensheni, na wadai wakaanza kuutolea macho mkusanyiko wa picha za jumba la sanaa la jiji, wakitaka ziuzwe. Kilichotokea mwaka uliofuata ni kwamba mifuko ya wahisani, serikali ya jimbo na jumba la sanaa lenyewe waliahidi jumla ya takriban dola milioni 816, kwa sharti kwamba ziende kuokoa pensheni na picha kwa pamoja. Wahisani waliokuja kwa ajili ya picha wakaishia kuwalipa wazima moto wastaafu na wajane wao. Fedha hizo zisingekuja kwa ajili ya pensheni peke yake. Watu hawaokoi daftari la hesabu, huokoa mji wanaoupenda, na hawaupendi mji usio na kitu cha kupendwa. Mwishoni mwa 2013, jiji likiwa mahakamani, okestra ilitangaza kufunga mwaka wake wa fedha bila nakisi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kadhaa.

Sasa tuje kwenye msimu, kwani watu wengi wa kwetu hatuna mazoea nao. Okestra kama hizi hutangaza msimu mzima kwa pamoja. Ratiba hutoka mwanzoni mwa mwaka, muziki wenyewe huanza Septemba au Oktoba. Mpiga piano mashuhuri hukubali tarehe miaka miwili au mitatu kabla. Wasikilizaji waaminifu hulipia viti vya msimu mzima wakati hata noti moja haijapigwa. Kwa hiyo kitabu cha msimu ni ahadi iliyochapishwa, na nyuma yake kuna ahadi nyingine, zile za wahisani wanaoandika kwamba watatoa kiasi fulani mwaka huu, na ujao, na wa tatu. Ahadi moja ikivunjika, nyingine zinayumba. Ndiyo maana mhisani wa kudumu anayetoa kidogo ana thamani kuliko anayekuja na kishindo mara moja. Fedha za kishindo hulipa onyesho la kumbukumbu. Zile za kila mwaka hulipa Jumanne ya mazoezi, Jumatano ya mazoezi, na Alhamisi.

Kisha kuna wakfu, na hapa Mzanzibari hahitaji kufundishwa. Mtu anaacha nyumba au shamba la mikarafuu, kodi na mavuno yatengeneze msikiti na kusomesha watoto, na nyumba yenyewe haiuzwi mpaka siku ya mwisho. Okestra za Marekani zinafanya jambo lilelile kwa hisa na dhamana: mtaji haugusiki, hutolewa takriban asilimia tano yake kila mwaka. Maafa huanza pale bodi inapoingia kwenye mtaji wenyewe kuziba nakisi ya mwaka. Ni kama kung'oa mikarafuu uuze kuni. Unapata fedha mwaka huu, na mwakani huna karafuu wala kuni.

San Antonio, Texas, hawakupata bahati ya Detroit. Okestra yao ilianzishwa 1939. Mwaka 2021 uongozi ulitaka kuwapunguza wapigaji wa kudumu kutoka 72 hadi 42, wakagoma mwezi Septemba, na Juni 2022 bodi ikaivunja okestra kwa kufilisika. Mji mkubwa, mmoja kati ya kumi kwa wingi wa watu Marekani, ukabaki bila okestra ya simfonia. Na wapigaji walifanya nini? Waliingia kanisani. Walipiga katika kanisa la Kibaptisti katikati ya mji, wakaunda okestra mpya, San Antonio Philharmonic. Kwa mara ya pili tunaona kwamba taasisi ikianguka, wanaobaki ni wapigaji na watu walio tayari kuwapa kiti na paa.

Hapo ndipo ninaporudi nyumbani, kwani sisi okestra tunazo. Nadi Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905, miaka tisa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Culture Musical Club ni ya 1958. Fidla safu nzima, chelo, besi, udi, kanuni, nai, kodiani, dumbaki, rika na waitikiaji: kama hiyo si okestra, sijui okestra ni nini. Inasimuliwa kwamba taarabu ilipofika hapa katika karne ya 19 ilikuwa na mhisani mmoja tu, Sultani Barghash, aliyempeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo ajifunze kanuni. Muziki wa mhisani mmoja hukaa ndani ya kuta za mhisani huyo. Ulipotoka nje, ukashikwa na vyama vya wanachama wenye ada zao na wasikilizaji wenye noti zao zilizokunjwa, ndipo ulipokuwa wa watu, na ndivyo ulivyozivuka tawala ambazo hakuna aliyedhani utazivuka.

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza 2002 katika Nyumba ya Forodha ya Zamani pale Mizingani, kimefundisha mamia ya vijana kupiga vyombo hivyo. Nakipenda chuo hicho, na kwa sababu nakipenda nalisema hili waziwazi. Kwa miaka mingi kilibebwa na balozi na mashirika ya nje. Walipopunguza mikono, mwaka 2019 kikatangaza kwamba kiko hatarini kufungwa, na kikaeleza kuwa takriban asilimia 70 ya wanafunzi hawawezi kulipa ada ya kama dola 13 kwa mwezi. Watu wa mbali waliguswa, wakaandika, wakachangia. Lakini Mwanakwerekwe ilishtuka? Jang'ombe? Makunduchi? Sidhani, na siwalaumu. Mtu halilii kitu ambacho hakijapita mlangoni kwake. Maonyesho mengi ya leo huwekwa Mji Mkongwe, kwa saa na bei za mgeni. Mgeni anasikiliza, anapiga makofi kwa dhati, anaondoka na ndege ya kesho. Hatakuwepo siku ya shida.

Nairobi kuna mfano wa kutazamwa. Mwaka 2008 Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics kule Korogocho, jirani na jaa la Dandora, watoto wakajifunza fidla na tarumbeta kwenye eneo la kanisa Katoliki la mtaa. Safaricom ilipoanza tamasha lake la jazi mwaka 2014, mapato yake yalielekezwa kwa watoto wale. Bob Collymore, mkuu wa kampuni aliyelisukuma jambo hilo kwa moyo wake wote, alifariki Julai 2019. Alichokifanya kilikuwa kikubwa. Ila kila nikimfikiria nawaza pia hatari ya okestra kupumua kwa pafu la mtu mmoja, hata akiwa mwema kiasi gani.

Wapo watakaosema, basi tuache wahisani, tujitolee. Kinshasa walifanya hivyo. Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, mjukuu wa Simon Kimbangu, mhubiri wa Kongo aliyeanzisha kanisa la Kimbangu, alianzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste mwaka 1994 na waumini wa kanisa hilo. Mwanzoni fidla moja ilishikwa kwa zamu na watu kadhaa, na uzi ukikatika walitumia waya wa breki ya baiskeli. Nikiliwaza hilo nanyamaza kwa heshima. Lakini tusijidanganye kwamba hakukuwa na mhisani. Wahisani walikuwa wapigaji wenyewe, waliotoa jioni zao baada ya kazi, nauli zao na usingizi wao. Hesabu ya Baumol na Bowen lazima ilipwe na mtu. Asipolipa msikilizaji, wala tajiri, wala serikali, atalipa mpigaji, na ndivyo wapigaji wengi wa taarabu wanavyolipa mpaka leo: mchana seremala, mwalimu, mvuvi, usiku fidla. Wakizeeka, chombo kinapata mnunuzi na wao hawana pensheni.

Tunachoweza kufanya si kigumu kama tunavyokiogopa. Lipa namba ikibandikwa mlangoni pa kila ukumbi, mtu akatuma elfu mbili akiwa amekaa, hiyo ni kutunza, na jina lake likisomwa kabla ya wimbo wa mwisho atanyoosha mabega kama mama yangu alivyonyoosha. Kamisheni ya Wakfu tunayo. Sheria na maarifa ya kushika mali bila kuiuza yamo visiwani humu tangu zama za mababu, na mwenye nyumba Mji Mkongwe anayetaka kuacha chumba kimoja kilipie masomo ya kanuni anaweza walau kuulizwa. Lakini la kwanza kabisa ni ratiba. Vikundi vyetu hupiga vikialikwa, harusini, kwenye sherehe za serikali, hotelini. Mtu akitaka kuahidi mchango wa mwaka, anauahidi kwa lipi? Hakuna karatasi inayomwambia atasikia nini mwezi wa Machi na wapi.

Nami nimeanza. Mtaani kwetu kipo kikundi cha vijana wanaofanya mazoezi ya fidla na udi jioni ya Jumatano na Jumamosi. Wiki iliyopita nilimwendea mweka hazina wao, nikamwambia nitatoa shilingi elfu ishirini kila mwezi kwa mwaka mzima, bila sharti la jina wala bango, zinunue nyuzi, zilipe nauli, zilipe hata umeme. Nilimwomba kitu kimoja: ratiba iliyoandikwa, hata ikiwa na maonyesho manne tu, na moja kati ya hayo liwe kwenye uwanja wa skuli ya mtaa, alasiri, watoto waingie bure, na wapigaji wavae zile kanzu na koti wanazovaa hotelini. Ameniahidi kuileta kabla ya Ramadhani. Mia tano siku hizi ni sarafu, haikunjiki. Siku hiyo nitachenji za elfu moja moja.